Udalali wa Nyumba Isiyo na Jiko

Nyinyi mnaopita hapa Langoni na simu mkononi, mkipiga picha madaka ya watu, zile kumbi za mlangoni, na kuzituma Nairobi kabla mwenye nyumba hajarudisha mlango, nawaona. Sisemi kwa ubaya. Mnanichangamsha, kusema kweli. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, ila simu yangu ilikuwa ulimi. Na kila mmoja wenu akija kuketi kwangu, hata kahawa haijapoa, swali lake ni lile lile: Bi Hawa, mtu akinunua nyumba iliyokwisha kukaliwa na wengine, udalali hulipa nani, kiasi gani, na lini?

Haya, leo nawaandikia, msije mkasema niliwaficha. Nitazunguka kidogo, kwa sababu jibu fupi nililijaribu nikiwa na umri wenu, na nusura linilaze njaa.

Kazi hii niliianza miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimeachika, nina binti mdogo, nakaa na mama yangu katika nyumba hii hii ninayoandikia. Dari ya chumba chetu ilikuwa imechoka. Boriti kadhaa zilikuwa zimeliwa na mchwa, na fundi alikuwa ameisimamisha kwa nguzo katikati ya chumba, palepale ambapo kitanda kingependeza, basi tukawa tunaizunguka hiyo nguzo mchana kutwa kama ng'ombe wa kinu. Jirani akifunga mlango kwa nguvu, chokaa ilimwagika juu ya mkeka. Fundi alituambia waziwazi kwamba dari ile haitaiona masika nyingine. Ujira wake angeungoja, mama alikuwa amemlea, lakini boriti mpya zilitaka pesa taslimu: shilingi thamanini. Thamanini wakati ule, wanangu, kwa mwanamke aliyekuwa akishona kofia, zilikuwa mbali kama Hijazi.

Aliyeniingiza kazini ni mjomba wangu, Mzee Lali. Alikuwa dalali wa nyumba, na hapana ukuta wa mji huu ambao hakuujua umri wake na bei yake. Lakini alikuwa mwanamume, na hapo ndipo alipokwama. Nyumba zetu za mawe mnazijua. Mgeni wa kiume aliishia kwenye daka, akakaa kwenye baraza, akaletewa kahawa, akasifu mlango. Huko ndani walikuwa wanawake wa watu. Kwa hiyo mnunuzi alinunua mlango na kahawa, na yaliyobaki aliambiwa na muuzaji, na muuzaji hajawahi kuisema nyumba yake vibaya tangu dunia iumbwe.

Mjomba aliniita asubuhi moja akaniambia anataka macho ya ndani. Mimi niingie kwa wanawake wenzangu, nione, nitoke nimwambie mnunuzi nilichokiona. Nilikubali kabla hajamaliza. Sikuwahi kufikiri kwamba kuingia nyumba za watu na kuchungulia, jambo ambalo mama alinipigia utotoni, kunaweza kulipwa. Nilitoka pale nikitembea juu juu.

Nyumba ya kwanza kabisa niliiharibu. Nilipoingia chumba cha ndani nikakuta ukuta mzima wa zidaka, zile rafu za chokaa zilizochongwa safu juu ya safu, na ndani yake sahani za Kichina, na mwanga unaingia kwa pembeni. Akili ikanitoka. Nilizihesabu zidaka zote, nikatoka mbio kumweleza mnunuzi, naye akanunua. Wiki haikwisha akarudi. Kumbe mfereji wa choo ulikuwa umepasuka ndani ya ukuta, na nyuma ya zile sahani nzuri palikuwa na unyevu ambao sitautaja kwa jina kwenye karatasi. Mjomba alimrudishia pesa yake yote bila ubishi. Mimi hakunigombeza. Alinitazama tu, akaniambia, "Mwana Hawa, ukingia nyumba ya watu, anda na choo. Zidaka hazikimbii."

Kuanzia siku hiyo nilianzia chooni. Kisha kwenye birika, lile tangi la maji la kuogea, nione samaki. Mnajua tulikuwa tunaweka samaki wadogo kwenye birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakiwa wazima na wepesi, maji ni mazuri. Wakielea upande, uliza maswali. Kisha juu, jikoni, niangalie chokaa ya sakafu kama inapitisha maji ya mvua. Kisha kuta, kwa kugonga na kifundo cha kidole na kuweka shavu, kwa sababu shavu linajua unyevu kuliko mkono. Mwisho milango. Mjomba alinifundisha nitazame komeo liko upande gani, maana chumba ni cha yule anayeweza kukufungia nje. Picha zenu za simu hazina shavu. Ndiyo maana mnunuzi wenu wa Nairobi hufurahi mpaka siku ya kwanza ya mvua.

Na udalali? Kwetu ulikuwa mafungu mawili. Muuzaji alimlipa Mjomba kwa kumletea mnunuzi. Mnunuzi alinilipa mimi kwa kumwonea ndani: shilingi mbili katika kila mia ya bei, siku ya kuandikwa hati, si siku ya kuonyeshwa nyumba. Kuona nyumba na kutoipenda haikuwa deni. Lakini Mjomba aliniwekea sharti moja. Nipatane na mnunuzi kwanza, mbele ya shahidi, kabla sijatoa hata neno moja la nilichokiona. Neno likishatoka halirudi mdomoni, na mtu hulipia kwa shida kitu ambacho tayari anacho.

Nililishika sharti hilo kwa nyumba tatu ndogo, nikapata vijisenti vya mchele. Halafu akaja Bwana Athman.

Bwana Athman alikuwa mtu wa Mbwajumali, kule kisiwa cha Pate. Alianza na shamba la minazi, akahamia kwenye kukata na kuuza boriti, na boriti zikampenda. Alikuwa mchapa kazi na mtu wa swala, lakini mkono wake ulikuwa mzito kufunguka. Mkewe, Zuhura, alikuwa mzaliwa wa hapa Langoni, tuliwahi kusoma chuo kimoja cha Kurani. Alipoolewa na kupelekwa Mbwajumali, mumewe alimwahidi mbele ya wazee kwamba atamrudisha mjini katika nyumba yake mwenyewe, ya mawe, ya ghorofa. Miaka kumi ikapita. Sasa pesa ilikuwa tayari, shilingi elfu nne, na Bwana Athman akaja kwa Mjomba akitaka nyumba.

Elfu nne. Fanyeni hesabu. Mbili katika kila mia. Nilipofika kwenye thamanini ilibidi niketi. Ilikuwa dari yangu, senti kwa senti, kana kwamba mtu aliipima. Usingizi wa mchana ulinikimbia siku ile, nikawa namwangalia binti yangu anazunguka nguzo na kujisemea kimoyomoyo, wiki mbili tu, mwanangu, utakimbia moja kwa moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bwana Shee, aliyekuwa akihamia Mombasa kwa wanawe. Ilikuwa nyumba ya kuogofya kwa uzuri. Ghorofa mbili, birika la samaki wazima, choo kikavu, kuta ambazo shavu langu lilizikubali moja moja. Na juu kabisa jiko la paa la makuti, wazi pande mbili, upepo unapita, moshi unajiendea zake. Nilitoka pale jasho linanichuruzika chini ya buibui, nikamkuta Bwana Athman amekaa dakani kwa Mjomba, wala Mjomba mwenyewe hayupo, amekwenda swala. Na mimi mwenye akili zangu zote nikasimama nyuma ya pazia nikaanza: choo hivi, birika hivi, kuta hivi, jiko lile, ee Bwana Athman, jiko lile. Nilimmwagia yote. Sharti la Mjomba lilinijia kichwani nilipokuwa nimefika kwenye upepo.

Nilinyamaza ghafla, nikakohoa, nikasema kwamba kuna lile jambo letu la udalali, mbili katika mia. Akajibu, "Kheri, In Shaa Allah, tutaonana." Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Na shahidi wetu alikuwa pazia.

Mjomba alipojua alishika kipaji cha uso. Akaniambia nirudi nyumba ile mara nyingine, nitafute kitu ambacho sijakisema bado, halafu nipatane naye kwa kitu hicho. Nikarudi mara ya pili, sikuona kipya. Mara ya tatu nilikwenda saa ya kupika chakula cha mchana, baada ya adhuhuri, na hapo nikaona.

Mke wa Bwana Shee alikuwa amepika wali, akataka kupanda juu kuuangalia. Ngazi ya kwenda jikoni ilianzia kwenye wikio, yaani kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Mwanamke yule akafika kwenye mlango wa wikio akasimama. Akabisha hodi.

Nikamtazama. Mwenye nyumba anabisha hodi kwenda jikoni kwake. Akangoja, mwenyewe wala hana haraka, mpaka upande wa pili likasikika komeo linavutwa, na mlango ukafunguliwa na wifi yake, Bi Khadija, dada wa Bwana Shee, aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya njia. Alikuwa anaswali, ndiyo maana alifunga. Mara zangu mbili za mwanzo nilikwenda asubuhi, mlango ukiwa wazi, nami nikapita bila kuuliza.

Nikauliza kwa upole, na Bi Khadija akanieleza akicheka, kama mtu anayeeleza kwa nini jua hutoka. Chumba kile alipewa na baba yao siku ya harusi yake, ili aweze kuja kwa mama yake bila kushuka njiani. Hakuna karatasi. Baba alisema mbele ya wanawake, na wanawake walisikia. Kaka yake alijua, mji ulijua, hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuliandika. Bwana Shee hakuwa laghai. Alikuwa anauza nyumba yake, na chumba cha dadake hakikuwamo, kama vile mlango wa jirani haukuwamo.

Lakini mtu wa Mbwajumali angejuaje? Angenunua nyumba ya elfu nne ambayo jiko lake liko juu ya ngazi ya mtu mwingine. Bi Khadija akikasirika siku moja, au akifa na wanawe wakauza, Zuhura atapika wapi?

Nilitoka mbio. Nilikuwa na kitu cha kupatana nacho sasa, kizito kuliko vyote, na safari hii ningemfunga Bwana Athman kwa mashahidi wawili kabla sijafungua kinywa. Nikafika kwa Mjomba nikihema, naye akanionyesha kwa mkono niketi. Bwana Athman alikuwa amepita asubuhi hiyo. Amesema ameghairi, nyumba haitaki tena, atatafuta mwaka ujao.

Nililia, sikatai. Nikazunguka nguzo yetu jioni nzima. Siku ya pili nikapata habari kutoka kwa mke wa Bwana Shee mwenyewe, aliyeniuliza mbona sikuonekana: mumewe na Bwana Athman wamekwisha kupatana, wao kwa wao, na hati itaandikwa Alhamisi. Kumbe alighairi dalali, nyumba hakuighairi. Alikuwa ameshajua choo ni kikavu na birika ni zima. Nani alimwambia? Mimi, nyuma ya pazia, bure kabisa.

Hasira niliyokuwa nayo, vijana wangu, ingeweza kuchemsha birika. Nikamwendea Mjomba nikamwambia habari ya wikio. Alicheka kicheko kirefu, akasema, "Nyamaa. Na anunue. Atakuya mwenyewe hapa, na ulipo huo mwango ndipo atakapopiga magoti." Nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Nilikaa siku nzima nikimwona Bwana Athman anabisha hodi kwenda jikoni kwake.

Jumatano Zuhura akafika na jahazi la Pate, akashukia kwa shangazi yake, mlango wa tatu kutoka kwetu. Nikaenda kumsalimu, maana ningefanyaje, tulisoma pamoja. Nikamkuta ameketi kati ya mafurushi na sufuria kubwa, kubwa ya harusi, mpya, bado ina karatasi ya duka. Alinikumbatia, akaanza kunionyesha sufuria ile kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Ameiweka akiba kwa kuuza mafuta ya nazi, mwaka na miezi.

"Hawa, miaka kumi napika uani, moshi waningia matoni," akaniambia. "Sasa ntapika yuu. Athman ameniambia pana upepo."

Pana upepo. Hayo yalikuwa maneno yangu. Nilimwambia mumewe, naye akampelekea mkewe ng'ambo ya bahari, na mkewe akaja nayo mpaka hapa pamoja na sufuria. Pale ndipo furaha yangu ilipokwisha. Atakayebisha hodi atakuwa Zuhura. Bwana Athman atakuwa msikitini au kwenye boriti zake, wali utafika tu mbele yake.

Nikamwambia, "Zuhura, ndia ya kwenda yuu si yenu."

Nikamweleza yote, mlango, komeo, harusi ya Bi Khadija. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya kifuniko. Nilipomaliza akaniuliza kama mumewe anajua, nikamwambia hajui, alinikimbia kabla sijamwambia. Akaniuliza alinikimbia kwa nini. Nikaona haya, lakini nikasema: thamanini.

"Na wewe mbona waniambia, na hayakulipa?"

Nilisema kwamba sufuria ile ni nzuri mno. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Usiku huo alimwambia mumewe, na mumewe hakuamini. Alisema madalali wakikosa kula kwa mlango huja kwa dirisha, na kwamba Bwana Shee ni mtu mwadilifu asingeficha jambo kama hilo. Asubuhi ya Alhamisi Zuhura akanipitia akiwa amevaa buibui yake nzuri, akanishika mkono, akasema twende. Nikamuuliza kufanya nini. Akasema kwenda kuona nyumba yake.

Tuliingia kwa mlango wa wanawake. Bi Khadija na wifi yake walikuwa ndani, wakatutandikia. Wanaume walikuwa chini kwenye daka: Bwana Athman na kitita chake cha pesa kwenye kitambaa, bei ya nyumba na akiba kidogo juu yake, Bwana Shee, mwandishi wa hati, mashahidi wawili, na Mjomba wangu, aliyealikwa kwa heshima tu, kwani mji huu ukimnyima mtu riziki haumnyimi kahawa. Sisi wanawake wanne tukakaa nyuma ya mlango wa ndani, magoti yamegusana. Nilisikia kalamu inakwaruza. Moyo wangu ulikuwa unapanda na kushuka ngazi.

Mwandishi aliposoma mipaka ya nyumba, mashariki kwa fulani, magharibi kwa fulani, Zuhura akagonga mlango mara moja kwa pete yake. Kule nje kusoma kukakoma.

"Kabla hamuyatia sahihi, na niulize," akasema. "Ndia ya kwenda mekoni yapita chumba cha nani?"

Bwana Shee akajibu bila hata kufikiri, "Cha dadangu. Kula mtu ayua."

Nilichungulia kwenye ufa. Bwana Athman alikuwa amefungua kitambaa cha pesa nusu, na mkono wake umebaki pale.

"Mimi sikuyua," akasema.

Bwana Shee alishangaa kweli kweli, na mshangao wake ndio uliomwokoa. Akaanza kueleza, harusi, baba, mama, huku mwandishi ameinua kalamu. Bwana Athman hakusikiliza. Alikuwa anautazama mlango tuliokaa nyuma yake, na nadhani alikuwa anahesabu, maana watu wa boriti huhesabu wakati wote. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, kama Bi Khadija anaweza kumuuzia kile chumba.

Mimi nilifikiri Bi Khadija atakataa. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mcheshi, hajawahi kuuza hata mkungu wa ndizi. Lakini yeye alikuwa amenisikia nikimrudia Zuhura hadithi yote asubuhi ile tulipoketi, pamoja na zile thamanini. Akasogeza mdomo kwenye mlango.

"Bwana Athman, mama amekufa, kaka ahama, chumba nauza. Lakini siuzi bila dalali. Na dalali wangu ni huyu nimeketi naye hapa, Mwana Hawa. Naye hashiki kazi ya pili akiwa hayalipwa ya kwanza."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mjomba. Kisha mashahidi, kisha mwandishi, aliyejaribu kujizuia kwa sababu ya cheo chake, akashindwa. Mke wa Bwana Shee alijiziba mdomo kwa leso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika goti la Zuhura kwa nguvu hadi alinitoa vidole kimoja kimoja. Hakuna mtu aliyewahi kuniita dalali mbele ya wanaume. Mimi nilikuwa mpwa wa Mzee Lali, yule anayechungulia.

Bwana Athman, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbahili, na ubahili ulipomgharimu aliukubali kama mtu mzima. Bei ya wikio ilianza shilingi mia tatu, na mimi nilipeleka maneno huku na huku kupitia ufa wa mlango mpaka ikawa mia mbili na hamsini. Hati zikaandikwa mbili siku ile ile. Bi Khadija alinilipa fungu lake papo hapo kutoka kwenye pindo la leso. Kisha Bwana Athman akakohoa, akasema kupitia mlangoni kwamba kitambaa chake sasa ni kitupu. Chumba kimemmaliza. Akaomba muda. Na mimi, mwanafunzi wa Mjomba niliyeanza kujifunza akili, nikamjibu mbele ya mashahidi wote kwamba muda nampa, ila anilipe kwa anachokiuza.

Siku tatu baadaye, asubuhi, hamali wakasimama mlangoni kwetu na mzigo. Korija moja na nusu ya boriti, yaani vipande thelathini, zimenyooka, nene kuliko alizouziwa fundi mkuu wa serikali. Bwana Athman alikuja nazo mwenyewe, kwa miguu, akazipanga ukutani moja moja, akinionyesha kila moja ilivyo nzima, kwa sababu kwenye boriti hakuwa na ubahili. Alipomaliza akasimama kwenye daka letu, akageuzia uso njiani kama ilivyo adabu, akaita, "Bi Dalali, udalali wako huu hapa."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona ni nani anayeitwa hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilialikwa nyumba mpya. Zuhura alipika pilau kwenye ile sufuria, juu kabisa, upepo unapita pande zote mbili. Nilipopanda nilisimama kwenye mlango wa wikio kwa mazoea. Komeo lilikuwa limeng'olewa, na shimo lake limezibwa kwa chokaa mbichi.

Basi, jibu lenu. Hulipa yule aliyetumia macho yako. Kiasi ni kile mlichopatana kabla hujasema neno, mbele ya shahidi ambaye si pazia. Hulipwa siku ya hati, na asiye na pesa alipe kwa alichonacho. Na kama unajua jambo litakalomliza mtu ndani ya nyumba ile, mwambie, hata kama hakukulipa, halafu kamdai vizuri.

Bado hamniamini, naona. Mnafikiri bibi kizee anajitungia. Njooni siku yoyote, chumba cha katikati, kile kisicho na nguzo, ambamo vitukuu vyangu hukimbia moja kwa moja kutoka ukuta hadi ukuta. Laleni chali kwenye mkeka, muinue macho, muhesabu. Ni thelathini.